Miaka 250 ya Jeshi la Marekani: Ahadi zilizovunjwa zilivyowakimbiza askari

JUNI 14, 2025 jeshi la nchi kavu la Marekani liliadhimisha miaka 250 tangu kuanzishwa kwake, kwa gwaride kubwa la vifaru na helikopta katika mitaa ya Washington. Siku chache kabla ya sherehe hizo, wakuu wa jeshi hilo walitangaza habari nyingine, ambayo pengine iliwafariji kuliko gwaride lenyewe: walikuwa wamekwisha kuwapata vijana 61,000 waliowahitaji kwa mwaka ule wa fedha, miezi minne kabla ya muda kumalizika.

Faraja hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 2022 jeshi hilo lilihitaji vijana 60,000, likaambulia takribani 45,000. Mwaka uliofuata lilipungukiwa tena, safari hiyo kwa watu wapatao 10,000. Ilifika mahali kijana mwenye ujuzi unaotakiwa, na aliye tayari kutumikia miaka sita, aliahidiwa fedha za kujiunga zinazofikia dola 50,000. Hata hivyo wengi hawakuitika.

Vyombo vya habari vya Marekani viliyazungumzia mambo hayo kana kwamba ni msiba mpya usiopata kutokea. Walilaumiwa vijana kwa unene, kwa dawa za kulevya na kwa kupenda raha. Wengine waliulaumu uchumi uliokuwa na ajira tele, na wengine siasa. Lakini kumbukumbu za taifa hilo zinaeleza vingine. Marekani ilianza kuhangaika kutafuta askari siku ile ile ilipoanza kuwa na jeshi, na katika miaka 40 ya mwanzo mahangaiko hayo yalikaribia kuizika zaidi ya mara moja.

Wala haikuwa shida ya uhaba wa wanaume, au ya woga. Ilikuwa shida ya mwajiri aliyemwogopa mwajiriwa wake, akamlipa kidogo, kisha hata hicho kidogo akakichelewesha.

Hofu yenyewe ilikuwa na chimbuko lake. Kabla ya uhuru, jeshi la kudumu ambalo Wamarekani walilijua ni lile la Mfalme wa Uingereza, lililokaa mjini Boston kuwatisha raia, na ambalo Machi 5, 1770 liliwafyatulia watu risasi na kuwaua watano. Kwa fikra za wakati huo, askari wa mshahara alikuwa chombo cha dhalimu. Raia mwema alikuwa mkulima anayeitundika bunduki yake ukutani, akaichukua adui anapokuja, na kurudi shambani akishaondoka. Kwa maneno mengine, taifa lilitaka mgambo. Jeshi la kudumu lilionekana kuwa balaa la kuvumiliwa kwa muda tu.

Ndiyo maana Bunge la makoloni yaliyoasi, lililokutana Philadelphia Juni 14, 1775 na kuamuru kuundwa kwa kombania 10 za askari wa bunduki, liliwaandikisha kwa mwaka mmoja tu. Waliokuwa wameuzingira mji wa Boston muda wao ulikuwa unakwisha mapema zaidi, mwishoni mwa mwaka ule ule.

Desemba ilipofika, George Washington, aliyekuwa amekabidhiwa uongozi wa jeshi miezi michache tu kabla, alijikuta katika hali ambayo majemadari wachache duniani wamepata kukutana nayo. Alitakiwa kulivunja jeshi moja na kuliunda jingine huku adui yuko mbele yake, ndani ya masafa ya mizinga. Alihitaji zaidi ya wanaume 20,000. Mwaka ulipokwisha, waliojiandikisha hawakutimia 10,000. Huenda Waingereza hawakujua, au walijua wakapuuza. Vyovyote iwavyo, hawakushambulia.

Miezi 12 baadaye mambo yalijirudia, tena kwa hatari kubwa zaidi. Kila mtoto wa shule wa Marekani anasimuliwa jinsi Washington alivyovuka Mto Delaware usiku wa Krismasi ya mwaka 1776 na kuwashtukiza askari wa kukodiwa wa Kijerumani katika mji wa Trenton. Ushindi ule unastahili sifa zake. Kinachosahaulika ni kalenda. Mikataba ya sehemu kubwa ya jeshi lake ilikuwa inakwisha Desemba 31, siku tano tu baada ya vita hivyo. Kama asingepigana wiki ile, wiki iliyofuata angekuwa jemadari asiye na jeshi.

Ili kuwabakiza wapiganaji wake kwa wiki sita zaidi, Washington aliahidi kumpa kila mmoja dola 10 juu ya mshahara wake. Fedha zenyewe hakuwa nazo. Ilimlazimu kumwomba mfanyabiashara Robert Morris wa Philadelphia amtafutie. Waliokubali kubaki ndio waliomwezesha kushinda tena, mjini Princeton, Januari 3, 1777. Penye udhia penyeza rupia, na Washington, aliyekuwa tajiri wa mashamba na mtu wa hesabu, hakuona haya kukiri kwamba uzalendo peke yake haumweki mtu mwenye njaa kwenye handaki.

Bunge nalo lilikuwa limeanza kuuona ukweli huo. Septemba 1776 liliamuru kuundwa kwa batalioni 88 za askari watakaotumikia hadi vita viishe, kila mmoja akiahidiwa dola 20 taslimu na ekari 100 za ardhi. Baadaye iliruhusiwa pia kujiandikisha kwa miaka mitatu. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na kasoro moja: kazi ya kuwatafuta askari hao iliachiwa majimbo, na majimbo yakaanza kushindana. Jimbo moja likitoa kiasi hiki, jirani yake linaongeza. Kijana mjanja alijiandikisha huku, akachukua fedha, akatoroka, akaenda kujiandikisha kule kwa jina jingine.

Fedha zisipotosha, majimbo yalipiga kura miongoni mwa mgambo na kuwapeleka jeshini waliopatikana. Hata hapo, mwenye uwezo aliruhusiwa kulipa faini au kumkodi mtu wa kwenda badala yake. Matokeo yake yalitabirika. Mkulima mwenye shamba alibaki nyumbani. Walioondoka ni vijana wasio na ardhi, wahamiaji wa Kiairishi na Kijerumani, vibarua na watumishi waliokuwa wakitumikia madeni yao. Vita vilivyopiganwa kwa jina la wenye mali wanaotaka kuamua kodi zao wenyewe vilibebwa, kwa sehemu kubwa, na watu ambao hawakuwa na mali ya kutozwa kodi.

Walikuwamo pia Weusi. Mwanzoni Washington na Bunge hawakutaka kuwaandikisha, lakini gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, alipotangaza Novemba 1775 kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na upande wa mfalme watakuwa huru, msimamo huo ulianza kulegea. Februari 1778 jimbo la Rhode Island, likiwa limeshindwa kutimiza idadi ya askari iliyotakiwa, lilipitisha sheria ya kuwanunua watumwa kutoka kwa mabwana zao na kuwapa uhuru mara tu wanapoandikishwa. Miezi michache baadaye mlango huo ulifungwa, lakini waliokwisha kuingia walipigana hadi mwisho. Inakadiriwa kuwa Weusi wapatao 5,000 walitumikia upande wa Marekani katika vita vile. Haja ilifanya kile ambacho tamko la uhuru la mwaka 1776, lililosema kwamba watu wote wameumbwa sawa, lilishindwa kukifanya.

Ahadi zilikuwa nyingi, na hapo ndipo lilipoanza tatizo kubwa zaidi. Bunge lile halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Lilichapisha noti, na kadiri lilivyochapisha ndivyo thamani yake ilivyoporomoka, hata Machi 1780 likakiri lenyewe kwamba dola 40 za karatasi ni sawa na dola moja ya fedha halisi. Askari aliyeandikishwa mwaka 1777 kwa dola 20 alikuwa ametumikia miaka mitatu kwa kitu ambacho sasa hakimnunulii viatu.

Siku ya Mwaka Mpya wa 1781, askari wa Pennsylvania waliokuwa wamepiga kambi karibu na Morristown, New Jersey, waliasi. Walikuwa zaidi ya 1,500. Malalamiko yao hayakuwa ya kisiasa hata kidogo. Hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu, nguo zilikuwa zimewachanikia mwilini, na juu ya yote walibishana na maofisa wao kuhusu maneno ya mkataba. Wao walisema walijiandikisha kwa miaka mitatu, nayo imetimia. Maofisa walishikilia kwamba mkataba unasema miaka mitatu au hadi vita viishe, na vita vilikuwa bado havijaisha.

Kilichofuata kinaeleza mengi kuhusu watu hao. Waingereza, waliodhani wamepata nafasi ya dhahabu, walituma wajumbe wawili wa siri kuwaahidi waasi malipo yao yote iwapo watahamia upande wa mfalme. Waasi waliwakamata wajumbe hao na kuwakabidhi kwa wakuu wa Marekani, nao wakanyongwa. Hawakutaka kuisaliti nchi yao, walitaka iwalipe. Serikali ya Pennsylvania ilikubali kuzungumza nao, na zaidi ya 1,200 waliachiliwa waende makwao. Wenzao wa New Jersey walipojaribu njia ile ile wiki chache baadaye, Washington alituma kikosi, na viongozi wawili wa maasi wakapigwa risasi.

Vita vilipokwisha mwaka 1783, deni halikulipwa. Askari walirudishwa nyumbani wakiwa na hati za kuonyesha kiasi wanachoidai serikali. Hati hazipikwi wala hazivaliwi. Wengi waliziuza kwa walanguzi kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake ili wapate nauli na chakula. Juni mwaka ule kundi la askari wenye hasira lililizingira jengo la Bunge mjini Philadelphia, na wabunge wakaukimbia mji na kuhamia Princeton.

Somo ambalo wabunge wangeweza kulipata katika tukio hilo ni kwamba dawa ya deni ni kulipa. Walilopata ni kwamba askari ni watu wa hatari. Juni 2, 1784 waliamuru jeshi zima livunjwe, isipokuwa watu 80 tu: 25 wa kulinda ghala la Fort Pitt na 55 wa kulinda silaha huko West Point, pasiwe na ofisa wa cheo cha juu kuliko kapteni. Taifa lililokuwa limeishinda dola kubwa kuliko zote za wakati wake lilibaki na walinzi wasiotosha kulinda soko la mji wa wastani.

Siku iliyofuata wabunge hao hao walikumbuka kwamba nchi ina mpaka wa magharibi. Waliyaomba majimbo manne, Pennsylvania, New York, Connecticut na New Jersey, yatoe jumla ya wanamgambo 700 watakaotumikia kwa mwaka mmoja. Kuomba ndilo neno sahihi, kwa kuwa kuamuru hawakuweza.

Udhaifu huo ulianikwa hadharani miaka miwili baadaye. Wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, waliolemewa na madeni na kodi, waliinuka na kuzifunga mahakama. Kiongozi aliyewapa jina alikuwa Daniel Shays, kapteni wa zamani katika jeshi la Washington, na wengi wa wafuasi wake walikuwa askari wastaafu ambao serikali iliwadai kodi huku wao wakiidai mishahara. Bunge liliidhinisha kuandikisha askari 1,340 zaidi. Fedha za kuwalipa hazikupatikana, na ni wachache tu walioingia kambini. Hatimaye maasi yalizimwa na kikosi cha jimbo, kilichogharimiwa kwa michango ya matajiri wa Boston.

Hapana shaka kwamba hofu iliyotokana na tukio hilo ilichangia kuwakutanisha Philadelphia, Mei 1787, watu walioandika Katiba mpya. Katiba hiyo ililipa Bunge nguvu ya kutoza kodi na kuunda jeshi, lakini hofu ya zamani haikufutika: fedha za jeshi haziwezi kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka miwili kwa mara moja. Kifungu hicho kipo hadi leo.

Kwa Katiba hiyo Serikali sasa ilikuwa na uwezo wa kulipa. Swali lilikuwa ingemlipa nani. Mwaka 1790 Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, alipendekeza hati zote za deni la vita zilipwe kwa thamani yake kamili kwa yule anayezishika. James Madison alisimama bungeni akataka sehemu ya malipo hayo irudi kwa askari walioziuza kwa bei ya kutupa. Hoja yake ilishindwa kwa kura nyingi. Hamilton alikuwa na sababu zake za kiuchumi, nazo hazikuwa za kupuuzwa, kwani nchi isiyoheshimu hati zake haikopeshwi. Lakini kwa mkongwe aliyeuza hati yake ili afike nyumbani, sababu hizo hazikuwa na ladha yoyote.

Mwaka huo huo Bunge lilipanga mshahara wa askari wa kawaida kuwa dola tatu kwa mwezi. Kutoka humo zilikatwa senti 90 za nguo na senti 10 za hospitali. Zilizomfikia mkononi ni dola mbili. Wakati wa vita vya uhuru, walau katika maandishi, askari kama huyo aliahidiwa zaidi ya dola sita.

Kwa mshahara wa namna hiyo, serikali ilikusudia kuwapiga vita wenyeji asilia wa bonde la Mto Ohio, ambao ardhi yao ilikuwa inauzwa kabla hawajaikubali biashara hiyo. Wamiami, Washawnee, Wadelaware na wengine waliungana kuilinda. Oktoba 1790 Jenerali Josiah Harmar aliongoza msafara wa watu wapatao 1,450 dhidi yao, ambao 320 tu kati yao walikuwa askari wa kudumu na waliobaki ni mgambo. Alirudi ameshindwa.

Jibu la Bunge lilikuwa kuongeza rejimenti moja na kuidhinisha askari 2,000 wa muda watakaotumikia miezi sita. Mtu yeyote aliyewahi kuajiri vibarua wa msimu angeweza kuona mtego uliokuwamo. Miezi sita ilianza kuhesabiwa siku ya kujiandikisha. Kuwakusanya, kuwavusha milima na kuwateremsha kwa mashua katika Mto Ohio kulimeza sehemu kubwa ya muda huo. Mkandarasi wa chakula, William Duer, aliyekuwa rafiki wa Hamilton, alikuwa amezielekeza fedha za jeshi kwenye biashara yake ya ardhi. Chakula kilichelewa, na mahema na viatu vikavuja. Gavana Arthur St. Clair, mzee aliyesumbuliwa na ugonjwa wa jongo, alipoanza kuingia msituni na jeshi hilo majira ya kiangazi yalikuwa yamekwisha, na kila siku kundi jingine lilisimama kusema kuwa muda wake umetimia, linarudi nyumbani.

Mwishoni mwa Oktoba 1791 wanamgambo wapatao 60 walitoroka kwa mkupuo. St. Clair alihofia kwamba wangeupora msafara wa chakula uliokuwa njiani, hivyo akaituma rejimenti yake ya kwanza, ile pekee yenye uzoefu, iende kuwazuia. Ilikuwa haijarejea alfajiri ya Novemba 4, wapiganaji walioongozwa na Kobe Mdogo wa Wamiami na Koti la Bluu wa Washawnee walipoizingira kambi. Katika muda wa saa tatu hivi askari zaidi ya 600 waliuawa, kati ya watu wapatao 1,400 waliokuwapo. Katika vita vyote ambavyo Marekani ilipigana na wenyeji asilia, haijapata kushindwa vibaya kama siku ile.

Bunge lilifanya uchunguzi, wa kwanza wa aina yake dhidi ya matendo ya Serikali. Ulimsafisha St. Clair na kuwalaumu waliohusika na vifaa na chakula. Duer aliishia gerezani kwa madeni. Lakini safari hii somo halikupotea bure. Machi 1792 Bunge liliidhinisha jeshi la watu wapatao 5,000 watakaotumikia miaka mitatu, na Washington, ambaye sasa alikuwa Rais, akamkabidhi Jenerali Anthony Wayne. Idadi hiyo haikutimia hata siku moja, na watoro walikuwa wengi. Hata hivyo Wayne alipewa kitu ambacho waliomtangulia hawakupewa, nacho ni muda. Aliwafunza kwa karibu miaka miwili, kwa ukali usio na huruma, kabla ya kuwapeleka vitani. Agosti 20, 1794, mahali panapoitwa Fallen Timbers, pigano lilikwisha katika muda mfupi, na mwaka uliofuata wenyeji asilia wakalazimika kusaini mkataba uliowanyang'anya sehemu kubwa ya Ohio.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo ubishi ungekwisha. Haukwisha. Hamilton alipojaribu kuunda jeshi kubwa mwaka 1798 kwa hofu ya Ufaransa, wapinzani walilitazama kama upanga uliokusudiwa shingo zao, na likavunjwa kabla halijajaa. Thomas Jefferson alipoingia madarakani aliwapunguza askari hadi 3,300 hivi. Kilichobaki kama nguzo ya ulinzi ni sheria ya mwaka 1792 iliyomtaka kila mwanamume Mzungu mwenye umri wa miaka 18 hadi 45 awe mgambo na ajinunulie bunduki yake mwenyewe.

Juni 18, 1812 taifa hilo lilitangaza vita dhidi ya Uingereza. Miezi mitano kabla, Bunge lilikuwa limeidhinisha askari 25,000 wapya, watakaotumikia miaka mitano, wakiahidiwa dola 16 za kujiunga na ekari 160 baada ya vita. Mshahara wenyewe ulikuwa dola tano kwa mwezi, katika nchi ambayo kibarua wa kawaida aliweza kupata dola 10 au zaidi. Siku vita vinatangazwa, wapya waliokuwa wamepatikana walikuwa 5,000 tu. Wanamgambo nao walikuja na tafsiri yao ya sheria: Oktoba 13, 1812, huko Queenston Heights, walisimama ukingoni mwa Mto Niagara wakiwatazama wenzao wakishindwa ng'ambo, kwa hoja kwamba Katiba haiwalazimishi kupigana nje ya nchi.

Serikali ilipandisha dau. Mshahara ukawa dola nane. Januari 1814 fedha za kujiunga zikafika dola 124, kiasi ambacho kibarua asingekipata kwa miezi kumi. Kabla ya mwaka kwisha ardhi ikawa ekari 320. Vijana walianza kuja, lakini Hazina ilikuwa tupu. Agosti 24, 1814 Waingereza waliwatawanya wanamgambo huko Bladensburg, na jioni ile wakaichoma Ikulu na jengo la Bunge. Msimu wa mapukutiko ulipofika, kulikuwa na vikosi ambavyo havikuwa vimelipwa kwa miezi sita hadi 12. Utoro ulienea, na wanajeshi wapatao 200 waliuawa kwa amri ya mahakama za kijeshi katika vita hivyo, wengi wao kwa kutoroka zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo James Monroe, aliyekuwa akishika Wizara ya Vita, alipoleta pendekezo ambalo jamhuri hiyo haikupata kulisikia kutoka kwa Serikali yake. Alitaka wanaume wote wa umri wa mgambo wagawanywe katika makundi ya watu 100, na kila kundi litoe askari wanne, kwa hiari au kwa lazima. Desemba 9, 1814 mbunge kijana wa New Hampshire, Daniel Webster, alilishambulia pendekezo hilo, akihoji ni ibara gani ya Katiba inayoiruhusu Serikali kuwachukua watoto kutoka kwa wazazi wao na kuwapeleka vitani. Mswada ulifia bungeni. Bahati ya Monroe ni kwamba mkataba wa amani ulisainiwa mjini Ghent mkesha wa Krismasi. Nusu karne ingepita kabla Wamarekani hawajalazimishwa na Serikali yao kuu kwenda jeshini, na wakati huo mitaa ya New York ingewaka moto kwa ghasia.

Kwa wale wakongwe wa vita vya uhuru, malipo yalikuja mwaka 1818, zaidi ya miaka 30 baada ya bunduki kunyamaza. Ilikuwa pensheni ya dola nane kwa mwezi kwa askari wa kawaida aliye fukara. Walijitokeza wengi kuliko Hazina ilivyotarajia, na miaka miwili baadaye sheria ikakazwa: kila mwombaji alitakiwa kufika mbele ya mahakama na orodha ya kila alichonacho. Wazee waliowahi kupigana chini ya Washington walisimama mbele ya makarani wakihesabu vyungu, viti na ng'ombe mmoja, ili kuthibitisha kwamba nchi yao inawaona ni maskini kiasi cha kutosha.

Uandikishaji wa lazima ulikuja na kuondoka mara kadhaa katika karne mbili zilizofuata, na ulikoma mwaka 1973, baada ya Vietnam. Tangu wakati huo Marekani imerudi kwenye soko lile lile la hiari ambalo Washington alihangaika nalo. Kwa takwimu za Wizara ya Ulinzi yenyewe, vijana 77 kati ya kila 100 hawana sifa za kuandikishwa bila kuombewa msamaha wa aina fulani, iwe ni kwa sababu ya uzito, afya au rekodi ya makosa. Kilichosaidia kuanzia mwaka 2024 ni mafunzo ya matayarisho kwa vijana wasiofikia viwango vya uzito na masomo, yaliyoanzishwa Agosti 2022. Na Aprili 2025 mishahara ya askari wa vyeo vya chini ilipandishwa hadi asilimia 14.5 juu ya ile ya mwaka uliotangulia.

Wahamiaji nao hawajakosekana. Novemba 2008 Marekani iliidhinisha mpango wa kuwaandikisha wageni wanaoishi nchini humo kihalali, wenye taaluma ya udaktari au wanaojua lugha zinazohitajika na jeshi. Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo. Malipo yaliyoahidiwa safari hii hayakuwa ekari 100, bali uraia wa haraka. Zaidi ya watu 10,000 walijiunga kabla ya mpango huo kusitishwa kwa waombaji wapya mwaka 2016, kwa maelezo ya usalama. Waliokwisha kusaini mikataba walikuta masharti mapya ya uchunguzi yamewekwa nyuma yao, na wengine walisubiri miaka bila uraia wala tarehe ya kuanza mafunzo. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na Oktoba 2017 jaji wa shirikisho mjini Washington aliiamuru Wizara ya Ulinzi iache kuwazuilia hati za utumishi ambazo bila hizo wasingeweza hata kuomba kile walichoahidiwa.